KIWANUKA, THABEET NA VIJANA WA SAME: HIVI TUNAPIMA NINI?

Jamani, kuna maneno mawili yananikera kuliko yote katika michezo ya nchi hii. Si "tumeonewa", wala si "refa kanunuliwa". Ni haya: ANA MWILI.

Utayasikia kila msimu wa mashindano ya shule, kuanzia UMITASHUMTA ya msingi mpaka UMISSETA ya sekondari. Mtu mzima mwenye filimbi shingoni anasimama pembeni ya uwanja, anawatupia jicho vijana arobaini waliojipanga kwenye vumbi, kisha anaanza kunyoosha kidole. Wewe una mwili, pita huku. Wewe huna mwili, rudi shule. Baada ya nusu saa kazi imekwisha, majina yameandikwa, na mtoto aliyeteremka kutoka Chome au Vudee tangu alfajiri anaanza kupanda mlima kurudi kwao. Hakuna aliyemwambia amekosa nini. Alichoelewa ni kwamba Mungu alimnyima sentimita.

Naandika haya nikiwa Same, na najua wengi mnaonisoma mko Dar, Arusha au nje ya nchi kabisa. Mtaniambia hiyo ni shida ya kijijini. Subirini kidogo. Nataka kuwapeleka mbali, mpaka kwenye mchezo ambao wengi wetu tunauona kwenye sinema tu, ule wa Wamarekani wa kuvaa kofia ngumu na kugongana kama malori. Nawapeleka huko kwa sababu moja: hakuna watu duniani wanaotumia fedha, muda na akili nyingi kuupima mwili wa kijana kama wale. Kama "ana mwili" ingekuwa hoja ya kutosha, basi wao wasingekosea. Wanakosea, tena vibaya.

Tuanze taratibu. Katika mpira wa Kimarekani kuna mtu anaitwa mrusha mpira. Yeye ndiye ubongo wa timu inayoshambulia. Timu pinzani inaweka vijana wawili kwenye kingo za mstari, mmoja kulia, mwingine kushoto, ambao kazi yao kubwa ni kumfikia yule mrusha mpira na kumlaza chini kabla hajaurusha. Nitawaita wavamizi wa pembeni. Muda walio nao ni kama sekunde tatu hivi, na njiani kuna mlinzi wa kilo 140 ambaye amelipwa mamilioni ya dola kuhakikisha hawapiti. Kila unapomlaza mrusha mpira unaandikiwa moja. Mkimlaza wawili kwa pamoja, kila mmoja anaandikiwa nusu. Ndiyo maana mtaona hesabu zenye nukta tano, msidhani nimekosea kuchapa.

Vijana hawa hulelewa vyuoni. Wakimaliza, timu za NFL hukaa na kuwachagua mmoja mmoja kwa zamu. Kabla ya hapo kuna kambi ya vipimo, ambayo tangu mwaka 1987 imekuwa ikifanyika Indianapolis. Huko kijana anapimwa kama ng'ombe wa mnada: urefu, uzito, urefu wa mkono, upana wa kiganja. Anakimbia yadi 40, yaani kama mita 36 na nusu. Analala chali na kunyanyua chuma cha kilo 102 mara nyingi awezavyo. Anaruka juu. Anazunguka vigingi vitatu kwa kasi ili waone anavyokata kona.

Kumbukeni hicho kipimo cha vigingi. Mvamizi wa pembeni hakimbii kwenye mstari ulionyooka. Anatoka kasi, anampita mlinzi kwa nje, kisha inabidi akate kona kwa ndani bila kupunguza mwendo, mwili umelala kama pikipiki kwenye mteremko. Aliyewahi kupanda basi la kwenda Mbaga anaelewa. Dereva wa barabara kuu ya Moshi kwenda Dar anaweza kuwa na mbio za kutisha kwenye lami ya tambarare. Mpeleke milimani, kwenye kona zile ambazo ukichungulia dirishani unaona mapaa ya nyumba za watu chini yako, ndipo utajua kama ni dereva au ni mkanyaga mafuta.

Sasa njooni mwaka 2006.

Mwaka huo kulikuwa na kijana mmoja kutoka Boston College, jina lake Mathias Kiwanuka. Ndiyo, Kiwanuka. Alizaliwa Indianapolis, lakini babu yake ni Benedicto Kiwanuka, Waziri Mkuu wa kwanza wa Uganda na baadaye Jaji Mkuu, yule aliyekamatwa akiwa mahakamani Septemba 1972 na kuuawa chini ya utawala wa Idi Amin. Mjukuu huyu alikuwa na urefu wa karibu mita 1.96 na uzito wa kilo 120 hivi. Mwaka 2004 alikuwa mchezaji bora wa ulinzi wa ligi yao ya vyuo, Big East. Alipoondoka chuoni alikuwa amewalaza warusha mpira mara 37.5, rekodi ya chuo. Kwa lugha yetu, alikuwa na mwili na alikuwa na kazi ya kuonyesha. New York Giants wakamchukua katika chaguo la 32, la mwisho kwenye raundi ya kwanza.

Lakini si yeye peke yake mwaka ule. Chaguo la kwanza kabisa lilikuwa mvamizi mwingine wa pembeni, Mario Williams, aliyechukuliwa na Houston. Chaguo la 20 alikuwa Tamba Hali, mzaliwa wa Liberia aliyeingia Marekani akiwa mtoto wa miaka kumi hivi akikimbia vita. Na mbali kabisa huko chini, chaguo la 126, raundi ya nne, alikuwepo Elvis Dumervil wa chuo cha Louisville. Huyu Dumervil alikuwa amewalaza warusha mpira mara 20 katika msimu mmoja wa mwaka 2005. ISHIRINI! Kwa nini basi alisubiri mpaka watu 125 wapite mbele yake? Kwa sababu alikuwa na mita 1.80. Hakuwa na mwili.

Haya, hesabu ya mwisho ya maisha yao ya kazi ni hii. Mario Williams, 97.5. Tamba Hali, 89.5. Mathias Kiwanuka, 38.5. Elvis Dumervil, yule mfupi aliyeachwa mpaka raundi ya nne, 105.5. Mwaka 2009 aliongoza ligi nzima kwa kuwalaza mara 17.

Nadhani mmeanza kunielewa. Timu zote zile, zenye madaktari, kompyuta na watu wanaolipwa mwaka mzima kutazama mikanda ya mechi, zilimwona Dumervil akifanya kazi mbele ya macho yao kisha zikaamini futi kuliko macho. Hawakuwa wamekosa habari. Walikuwa nayo. Waliipuuza kwa sababu haikufanana na picha waliyokuwa nayo kichwani ya mvamizi wa pembeni anavyopaswa kuonekana. Na picha ile ilikuwa inaficha jambo: mtu mfupi mwenye mikono mirefu anaingia chini ya kifua cha mlinzi mrefu, na mlinzi anakosa pa kumshika.

Kuna wajanja watanijibu: mbona Mario Williams alikuwa na mwili, akachaguliwa wa kwanza, na akafanya kazi? Sawa kabisa. Tena alichaguliwa huku mashabiki wengi wa Houston wakizomea, maana walimtaka Reggie Bush au Vince Young, mtoto wa pale pale mjini. Mimi sisemi vipimo ni uongo. Mtu anayesema vipimo havina maana ni mvivu yule yule wa "ana mwili", amegeuza shati tu. Ninachosema ni kwamba kipimo kinajibu swali moja dogo. Futi inakwambia urefu. Saa inakwambia kasi. Hakuna hata kimoja kinachokwambia kijana atafanya nini mlinzi akimzuia mara ya kwanza.

Chukueni mfano wa Vernon Gholston. Mwaka 2008 huyu alikuwa sanamu lililochongwa. Chuo chake Ohio State kilimwona akiwalaza warusha mpira mara 14 katika msimu wa 2007. Kwenye vipimo alinyanyua zile kilo 102 mara 37. New York Jets wakamchukua chaguo la 6. Alikaa nao misimu mitatu. Mnajua aliwalaza mangapi? SIFURI. Hakuna nukta tano, hakuna nusu ya kugawana na mwenzake. Sifuri bila chenji.

Halafu mchukueni Terrell Suggs wa mwaka 2003. Huyu aliweka rekodi ya vyuo ya kuwalaza mara 24 kwa msimu mmoja. Lakini alipopimwa mbio za yadi 40 akakimbia polepole kuliko walivyotarajia. Minong'ono ikaanza. Akaangukia chaguo la 10 kwa Baltimore. Alistaafu akiwa na 139. Mtu aliyeonekana mzito wa miguu aliwafikia warusha mpira mara 139, na yule aliyenyanyua chuma kama karatasi hakumfikia hata mmoja.

Na Kiwanuka wetu je, alishindwa? Hapa ndipo nataka tuwe makini, maana sisi watu wa Afrika Mashariki tuna papara ya kuhukumu. Ukiitazama ile 38.5 peke yake utasema kawaida tu. Lakini mwaka 2007 timu ilimhamisha nafasi, ikamrudisha nyuma ya mstari, kwa sababu kwenye kingo tayari walikuwepo Michael Strahan na Osi Umenyiora. Novemba ya mwaka ule akavunjika mguu. Mwaka 2010 akaumia shingo na msimu ukaishia hapo. Akarudi, na Februari 2012 Giants wakawafunga Patriots 21 kwa 17 katika fainali iliyochezwa Indianapolis, mji aliozaliwa. Ana pete mbili za ubingwa. Aliyempima mwaka 2006 angewezaje kujua yote hayo? Asingejua. Ndiyo maana mpimaji mwenye akili hasemi "huyu atakuwa bingwa". Anasema: huyu anaweza kazi hii, akiwa mikononi mwa mwalimu wa aina hii, na hatari zake ni hizi.

Sasa turudi nyumbani, maana najua kuna jina mnalisubiri.

Hasheem Thabeet. Mtoto wa Dar, mita 2.21, aliyeanza kikapu akiwa na umri wa miaka 15 hivi. Akaenda Marekani, akaingia chuo cha Connecticut, akawa mchezaji bora wa ulinzi wa Big East mara mbili mfululizo, 2008 na 2009. Juni 2009 Memphis Grizzlies wakamchukua chaguo la PILI katika NBA nzima. Wadau mnakumbuka furaha ya siku zile. Bongo nzima ilikuwa na mtoto NBA, hata wasiojua kikapu kina pointi ngapi. Nyuma yake, chaguo la tatu, alikuwa James Harden. Chaguo la saba, Stephen Curry.

Kisha mambo yakawa magumu. Februari 2010, kabla hata msimu wa kwanza haujaisha, akateremshwa ligi ya chini kupata mazoezi. Akapita Houston, Portland, Oklahoma City. Wastani wake NBA uliishia pointi 2.2 kwa mechi. Na wale wale waliokuwa wakishangilia wakageuka wachekeshaji. Mpaka leo ukimtaja kijiweni utasikia mtu anacheka: "yule galasa?"

Mimi kicheko hicho kinanitia kichefuchefu. Hebu tujiulize nani alikosea. Mtu aliyeanza mchezo akiwa na miaka 15, na miaka saba tu baadaye akawa wa pili katika orodha ya nchi yenye wachezaji wa kikapu wasiohesabika, huyo ndiye wa kuchekwa? Waliokosea ni waliompima. Waliuona mkono mrefu unaozuia mipira, wakasahau kuuliza umri wake wa mchezo. Kuna umri wa mtu na kuna umri wa mchezo ndani ya mtu. Wenzake walikuwa wameshika mpira tangu wana miaka mitano.

Na habari hiyo haikuwa imefichwa. Februari 2009 Connecticut walicheza na Pittsburgh. Upande wa pili alikuwepo DeJuan Blair, mfupi kwa Thabeet kwa sentimita 20 hivi. Blair alimaliza na pointi 22 na mipira 23 iliyodakwa, na katika purukushani moja alimpindua Thabeet juu ya bega lake mpaka chini. Dunia nzima ya kikapu iliona ule mkanda. Ulionyesha wazi nini bado hakijakomaa: miguu, mizani, kukaa chini mbele ya mtu mzito. Mambo ya kufundishika, ukiwa na subira. Badala yake wakamchukua wa pili, wakataka matunda siku hiyo hiyo, na Blair mwenyewe wakamwacha mpaka chaguo la 37. Ukitaka kuua mche, upande kama mche halafu udai kivuli kesho.

Hapo ndipo Same inapoingia, na hapo ndipo hasira yangu ilipo.

Mnatutania sana sisi Wapare. Mnasema Mpare yuko radhi kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Haya, cheka. Lakini katika utani ule kuna historia ambayo ingetufaa sasa. Miaka ya 1940 wakoloni pamoja na mamlaka za wenyeji walileta kodi iliyoitwa mbiru. Kodi hii haikuwa sawa kwa kila mtu. Kulikuwa na watu wa kukukadiria: una mifugo mingapi, shamba lako lina nini, kwa hiyo thamani yako ni kiasi hiki. Mwaka 1945 maelfu ya watu waliteremka kutoka milimani, wakaja kukaa hapa hapa Same makao makuu ya wilaya, wakagoma. Baadaye wanawake nao wakaingia katika mapambano. Mwishowe mbiru ikaondolewa. Profesa Isaria Kimambo ameyaandika haya, yasomeni.

Babu zetu hawakugoma kulipa kodi. Waligoma KUKADIRIWA na mtu ambaye hesabu yake hawaioni. Ulikuwa ugomvi wa kipimo.

Na sisi wajukuu zao tumekaa kimya huku watoto wetu wanakadiriwa kila mwaka kwa nusu saa, na mtu ambaye hatoi hesabu kwa yeyote. Nimesimama pembeni ya michujo ya namna hiyo nikiwa na kalamu. Nimeuliza mara kadhaa, kwa adabu zote: mwalimu, huyu umemwacha kwa sababu gani? Jibu ni lile lile. "Hana mwili, mdogo wangu." Na huyu? "Si unamwona mwenyewe?" Namwona, ndiyo. Namwona kijana wa miaka 13 aliyevunja ungo wa kiume mapema kuliko wenzake, ana kifua na ndevu za kuanzia, anawakimbiza watoto wenzake kwa sababu yeye si mtoto tena. Miaka mitatu baadaye wenzake watamfikia kwa kimo, na itagundulika kwamba hakuwahi kujifunza kupiga chenga kwa sababu hakuwahi kuihitaji. Na yule mdogo aliyejifunza chenga kwa lazima, kwa sababu bila chenga angekanyagwa, tulimrudisha Chome akachunge.

Hiyo ndiyo gharama. Tunawapoteza watoto wa pande zote mbili, tuliyemwacha na tuliyemchagua.

Kuna mwingine atasema: wewe mwandishi unaota. Wamarekani wana fedha, sisi hata mpira wa kuchezea tunachangishana. Nakubali hatuna fedha. Lakini niambieni, daftari la kurasa 96 ni bei gani? Maana ninachodai hakihitaji maabara. Kinahitaji daftari na mtu mwaminifu.

Moja, tazama mara nyingi. Siku moja ni bahati nasibu. Mtoto alikula nini asubuhi? Alitembea saa ngapi kufika? Aliyeteremka kutoka kwenye baridi ya chini ya Shengena akacheza saa saba mchana kwenye jua la Same si sawa na aliyelala mita mia mbili kutoka uwanjani. Mechi tano zilizoandikwa zina ukweli kuliko nusu saa ya kunyoosha vidole.

Mbili, andika anachofanya baada ya kushindwa. Huyu amenyang'anywa mpira, amesimama akalaumu au amerudi kukaba? Wale wanaotazama wavamizi wa pembeni kwa makini hawahesabu tu mara alizomlaza mtu. Wanatazama mara alizozuiwa. Mkono wa kwanza umekataliwa, wa pili uko wapi? Gholston hakuwa na wa pili.

Tatu, pima leo na upime tena mwakani. Aliyesogea kutoka hatua ya pili hadi ya tano ana habari kubwa kuliko aliyezaliwa hatua ya sita akabaki hapo. Alphonce Simbu alipata shaba ya marathoni ya dunia London mwaka 2017. Dhahabu aliipata Tokyo Septemba 2025, akiwa na miaka 33, kwa tofauti ndogo mno kiasi kwamba yeye na wa pili waliandikiwa muda ule ule, saa 2:09:48. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo. Miaka minane kati ya medali hizo mbili! Kwa sheria ya "ana mwili" na papara zetu, tungekuwa tumemtupa zamani.

Nne, na hili nawaambia hasa wazazi wa huku milimani: muulizeni mtu anayekuja na ahadi za Marekani kuhusu DARASA. Njia ya Kiwanuka na Thabeet ilipita chuoni. Ili kijana acheze katika daraja la juu la vyuo vya Marekani lazima awe amefaulu masomo 16 ya msingi ya sekondari. Anayekwambia mtoto aache shule akafanye mazoezi kwa sababu "ana mwili" anaukata mguu ule ule anaodai kuupenda. Na hata akifika chuoni, wachezaji wa mpira wa Kimarekani wanaotoka chuo kuingia NFL hawafiki wawili katika kila mia. Wale tisini na nane na ushee wanabaki na nini? Cheti. Basi kama hakuna cheti, hakuna kitu.

Tano, na hili ndilo ninalolipigania kuliko yote: bandika sababu ukutani. Orodha ya waliochaguliwa ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa shule pamoja na sababu, sentensi moja kwa kila jina. Na kila aliyeachwa apewe sentensi yake pia, mkononi, ijapokuwa inauma. "Huna mguu wa kushoto, ufanyie kazi." "Unachoka dakika ya sitini." Hiyo mtoto anaweza kuibeba mpaka juu mlimani na kuifanyia kazi mwaka mzima. "Huna mwili" ataifanyia kazi gani? Ajivute miguu?

Najua walimu wengi wa michezo wanajitolea, hawalipwi ziada, wengine wanatoa nauli mfukoni kwao. Nawaheshimu. Lakini kujitolea hakumpi mtu haki ya kumkadiria mtoto gizani. Hata wale wa mbiru nadhani walijiona wanafanya kazi yao tu.

Timu za NFL zilipomwacha Dumervil zilipoteza michezo kadhaa, na yeye hatimaye alipewa nafasi raundi ya nne. Marekani kuna raundi ya nne. Kuna mpaka ya saba. Hapa Same hakuna raundi ya pili, wadau. Ukikosewa mara moja umekosewa moja kwa moja. Ndiyo maana sisi, wenye nafasi moja tu ya kukosea, tunatakiwa kuwa waangalifu KULIKO wao.

Kwa hiyo safari ijayo ukimsikia mtu mwenye filimbi akisema kijana fulani ana mwili, muulize kwa upole: sawa mwalimu, tumeona. Na daftari liko wapi?

Naomba kuwasilisha.